Nilipimwa herpesi Dar es Salaam: huduma niliyoikuta maabara na niliyoikuta kliniki

Karatasi niliyopewa maabara ilikuwa na mistari mitatu iliyonihusu. HSV 1/2 IgM: 1.42, chanya. HSV-1 IgG: 0.31, hasi. HSV-2 IgG: 0.22, hasi. HSV ni kirusi cha herpesi, ugonjwa wa malengelenge na vidonda, nacho kina aina mbili, 1 na 2; IgM na IgG ni kingamwili zinazotafutwa kwenye damu. Chini yake mhuri wa bluu na saini. Kijana wa dirishani aliipitisha chini ya kioo, nikamuuliza maana yake nini, akanijibu kwa sauti yake ya kawaida, na nyuma yangu kuna watu sita kwenye foleni: "Mama, una herpesi, na inaonyesha umeambukizwa juzijuzi tu. Kamuone daktari wako." Nikamwambia sina daktari. Akaita namba inayofuata.

Hiyo ni maabara ya binafsi maeneo ya Kariakoo. Jina lake silitaji, na la kliniki niliyokwenda baadaye kule Temeke nalo silitaji. Naandika kwa ajili ya mtu aliyeshika karatasi kama ile sasa hivi, yuko kwenye daladala, ameikunja mara nne na kuificha kwenye pochi ya ndani kabisa, kama nilivyofanya mimi siku ile nikirudi Mbagala.

Nieleze jinsi nilivyofika pale. Ninauza vitenge Mtaa wa Kongo. Mume wangu ni dereva wa lori, njia yake ni Tunduma. Alirudi Jumapili. Jumamosi iliyofuata nikapata homa, mwili wote unauma, na tezi za kwenye kinena zimevimba hadi kutembea shida. Jumatatu nikaona malengelenge madogo yamejikusanya sehemu za siri, yakapasuka, yakawa vidonda. Kukojoa ilikuwa kama kumwagiwa maji ya chumvi kwenye mchubuko. Duka la dawa wakaniambia ni fangasi, wakanipa krimu ya shilingi 5,000. Ikaniunguza tu. Alhamisi nikaenda maabara.

Bango lao lina "kifurushi cha magonjwa ya zinaa" kwa shilingi 60,000: VVU, kaswende, homa ya ini B na herpesi. Nilimwambia yule dada wa mapokezi kwamba nina vidonda vibichi na vinauma. Akaandika jina langu, akaniambia nikae, nikatolewa damu. Hakuna aliyetaka kuviona wala aliyeuliza vina siku ngapi. Kwa usafi na kasi siwezi kuwalaumu: sindano ni mpya na inafunguliwa mbele yako, mtoa damu ana mkono mwepesi, majibu yalitoka baada ya muda wa saa nne kama walivyoahidi. VVU hasi, kaswende hasi, homa ya ini hasi. Kwa mtu anayehitaji vipimo hivyo vitatu na maelezo yake anayajua, huduma inatosha, ingawa cha VVU angekipata bure kwenye kituo cha serikali.

Nje ya mlango wao kijana mmoja akanifuata na kikaratasi chenye namba ya simu: dawa ya mitishamba inayomaliza herpesi kwa siku 21, shilingi 180,000. Sijui alijuaje nimepima nini. Nataka nilisemee hili wazi kwa sababu najua watu waliouza simu na cherehani kulipia dozi kama ile: mpaka leo hakuna dawa ya kuvitoa virusi hivi mwilini, si ya hospitali wala ya porini. Zipo dawa nzuri za kuvituliza. Anayekuuzia dawa ya kumaliza anakuuzia matumaini, na vidonda vya herpesi hupona vyenyewe hata usipomeza kitu, kwa hiyo siku ya 21 lazima uone dozi imefanya kazi.

Usiku ule nilimwonyesha mume wangu karatasi. Neno nililobeba kichwani ni moja, "juzijuzi". Dereva wa lori, amerudi Jumapili, mke kaugua Jumamosi. Nilimwambia maneno ambayo mke akishamwambia mume hayarudi mdomoni. Yeye akaapa, kisha naye akaniuliza, na wewe Kariakoo unashinda na nani? Watoto walikuwa chumba cha pili, wakanyamaza kimya. Siku mbili zilizofuata tulizungumza kupitia kwao: mwambie baba chakula tayari, mwambie mama naenda gereji. Yote hayo yalisimama juu ya ule mstari wa kwanza wa karatasi, ambao baadaye niliambiwa haukustahili kuaminiwa hata kidogo.

Jumamosi wifi yangu akanipeleka kliniki ya afya ya uzazi Temeke. Kufungua faili 10,000, kumuona daktari 20,000. Tulifika saa mbili asubuhi, nikaingia saa tano na nusu. Kusubiri kule ni kurefu na mabenchi ni ya mbao yasiyo na mgongo, kwa mtu mwenye vidonda sehemu hiyo ni mateso, na hili nimewaandikia kwenye kisanduku cha maoni. Lakini sista wa zamu aliona ninavyokaa upande upande, akaja, akainama karibu na sikio langu: "Dada yangu, unaumwa wapi?" Nikamweleza. Akanipeleka chumba cha nyuma nikalale kwenye kitanda mpaka zamu yangu ifike. Hakutangaza chochote, hata wifi yangu hakumwambia kilichofanya nihamishwe.

Daktari ni mama wa makamo. Alichukua ile karatasi ya maabara, akaigeuza ili nami niweze kuisoma, akatoa kalamu. Kitendo hicho cha kugeuza karatasi sitakisahau. Akaanza na ule mstari wa IgM, akaukata kwa mstari mmoja.

"Huu usikusumbue. Watu wanadhani IgM ikiwa chanya maana yake maambukizi mapya. Kwa herpesi si hivyo. Inaweza kuwa chanya kwa mtu aliyenavyo virusi hivi miaka kumi, inaweza kuwa chanya kwa mtu asiyenavyo, na haitofautishi aina ya kwanza na ya pili. Miongozo haitaki kabisa tuitumie."

Halafu IgG. Hizi ni kingamwili ambazo mwili hutengeneza na kubaki nazo, na kipimo kizuri hutenganisha aina mbili za virusi, HSV-1 na HSV-2. Tatizo ni kwamba huchukua muda kujitokeza, wengine wiki tatu, wengine hadi miezi mitatu. Mimi nilipimwa nikiwa na siku sita tangu homa ianze. Kwa hiyo hasi yangu haikuwa na maana kwamba sina. Ilikuwa na maana kwamba damu ilikuwa haijawahi kukutana na virusi hivyo zamani, na jambo hilo peke yake lilimsaidia kuelewa kwa nini niliugua vikali namna ile: mwili ulikuwa unakutana na mgeni kwa mara ya kwanza.

"Kipimo ulichokihitaji ni cha kidonda chenyewe," akasema. "Hawakukupangusa?"

Hawakunipangusa. Akanichunguza pale pale, sista ameshika taa. Kulikuwa na malengelenge mapya mawili yaliyotokea usiku wa kuamkia siku ile. Akalipasua moja kwa ncha ya sindano, akalipangusa chini yake kwa kijiti chenye pamba, akakiingiza kwenye chupa ndogo yenye maji ya pinki. Inauma, nisidanganye, lakini ni sekunde tatu. Akanieleza kwamba sampuli inatakiwa itoke kwenye kidonda kibichi, ndani ya siku chache za mwanzo, na kikishatengeneza gamba kipimo kinaweza kutoka hasi na virusi vipo. Kipimo kinaitwa PCR, kinatafuta virusi vyenyewe na kutaja aina. Shilingi 95,000, majibu siku nane kwa sababu sampuli hupelekwa maabara kubwa. Ni ghali kwangu, ni faida ya vitenge ya wiki nzima. Ningekuwa nimepangusiwa tangu Alhamisi ningeokoa zile 60,000, na zile siku mbili za ndani ya nyumba yangu.

Hakunisubirisha majibu ili anipe dawa. Alisema mwonekano wa vidonda unatosha kuanza: vidonge vya asikloviri vya miligramu 400, kimoja mara tatu kwa siku, siku kumi. Boksi lilinigharimu 15,000. Na paracetamol. Na maelekezo ambayo nayaandika kwa sababu yalinisaidia kuliko nilivyotarajia: ukojoe huku unajimwagia maji ya uvuguvugu kwa kopo, mkojo hauunguzi, nguo ya ndani iwe ya pamba na isibane, usipake dawa ya meno, spiriti wala majivu, ukigusa kidonda nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa macho, kwa sababu virusi hivi vikiingia jichoni vinaweza kuharibu uwezo wa kuona. Siku ya tatu ya vidonge nililala usiku mzima. Siku ya kumi na moja magamba yalikuwa yamedondoka.

Siku nane zilipotimia nilipigiwa simu. Sista aliniuliza kwanza kama niko mahali ninapoweza kuzungumza, kisha hakunitajia majibu, aliniambia tu yamefika na nije na mume wangu nikipenda. Mume wangu akakubali kuja. Tulikaa viti viwili mbali mbali.

HSV-1, imeonekana. HSV-2, haikuonekana.

Daktari akamtazama mume wangu usoni muda mrefu, kisha akamuuliza, baba, hicho kialama kwenye mdomo ni cha nini? Mume wangu akagusa pembe ya mdomo wa juu. Akasema, ah, hiyo ni homa tu ilitokea mdomoni, huwa nikipita Makambako kwenye baridi na upepo lazima initokee. Tangu mtoto, hata mama yangu analijua.

Sisi sote tunaijua. Tunasema homa imemtokea mdomoni, tunampaka mafuta ya nazi, basi. Daktari akatueleza kwamba hiyo homa ya mdomoni ndiyo herpesi, aina ya kwanza. Wengi huipata utotoni kwa kubusiwa na mama, bibi na shangazi, hukaa kwenye mishipa ya fahamu maisha yote, na baridi, jua kali, uchovu au homa nyingine huiamsha. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020, watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50 wanayo. Kisha akatuuliza, bila kupepesa macho na bila kutuaibisha, kama mume wangu hutumia mdomo tunapokuwa faragha, na kama Jumapili ile kidonda kilikuwepo. Tulitazamana. Kilikuwepo, kilikuwa kinaanza kukauka.

Hapa nataka niwe mkweli kama daktari alivyokuwa. Hakusema mume wangu hana kosa, wala hakusema amekosa. Maneno yake niliyaandika kwenye simu: "Kipimo kinataja kirusi. Hakimtaji mtu wala tarehe." Alisema hata kama ingekuwa HSV-2, mtu anaweza kukaa nayo miaka bila dalili na kuambukiza bila kujua, kwa hiyo kidonda kutokea leo si ushahidi wa jambo la leo. Ndoa ngapi zimevunjika kwa kutolijua hilo, sijui, lakini yangu ilikuwa njiani. Mume wangu alipotoka nje alinishika mkono mbele ya mabenchi yale ya mbao. Ni mtu asiyefanya hivyo hadharani.

Tuliyoshauriwa kwa siku za mbele. Aina ya kwanza ikikaa sehemu za siri hurudi mara chache, wengine mara moja mwaka wa kwanza, wengine hairudi tena. Aina ya pili ndiyo husumbua zaidi, wengi huona ikirudi mara nne au tano mwaka wa kwanza kisha inapungua. Nikianza kusikia mwasho na kuchomachoma pale pale, hata kabla ya kidonda, hakuna tendo, na niwe na dozi ya siku tano ndani ya nyumba niianze mapema. Anayerudiwa mara kwa mara anaweza kupewa vidonge vya kila siku. Kondomu hupunguza hatari ila haiondoi yote, kwani ngozi ya pembeni haifunikwi. Choo, taulo la kujikaushia na beseni si vitu vya kuogopa kwa ugonjwa huu. Mume wangu homa ikimtokea mdomoni asinibusu, na hasa asimbusu mtoto mchanga wa wifi yangu, kwa sababu kwa mtoto wa siku chache virusi hivi vinaweza kuua.

Nilimuuliza kuhusu kuzaa, tunatamani mtoto wa tatu. Akanijibu kwamba hatari kubwa ni kwa mama anayeambukizwa mara ya kwanza miezi ya mwisho ya mimba, maana mtoto huzaliwa kabla mama hajampa kinga. Aliyeambukizwa kabla ya mimba, hatari kwa mtoto ni ndogo sana. Nimwambie mkunga tangu kliniki ya kwanza, na uchungu ukinikuta na vidonda nitafanyiwa upasuaji. Akasisitiza pia turudie VVU wote wawili baada ya miezi mitatu, kwa sababu vidonda hufungua mlango, na wenye aina ya pili wana hatari kama mara tatu ya kupata VVU wakikutana navyo.  

Kwa sababu ya yote hayo niliweza kumsaidia binti ninayefanya naye kazi dukani. Hajawahi kuwa na kidonda hata kimoja. Alipima kifurushi kama changu kwa ajili ya ndoa, karatasi yake ikasema HSV-2 IgG: 1.7, chanya. Upande wa mwanaume ukasimamisha mahari. Nikampeleka Temeke. Daktari akamwonyesha kwamba pale maabara chochote kinachozidi 1.1 huandikwa chanya, lakini namba za chini namna hiyo hudanganya mara nyingi. Mwongozo wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, wa mwaka 2021 unataka chochote kilicho chini ya 3 kithibitishwe kwa kipimo cha pili cha namna tofauti. Na kwetu ni muhimu zaidi, kwa sababu tafiti zilizofanywa Rakai nchini Uganda na Kisumu nchini Kenya zilikuta vipimo hivi vinatoa chanya za uongo kwa wingi. Ndiyo maana wataalamu wengi hawashauri mtu asiye na dalili yoyote apimwe herpesi kwa damu hovyo. Alirudia kwa kipimo kingine, kikatoka hasi. Mahari imelipwa mwezi uliopita. Hata ingethibitika, alishaelezwa kwamba duniani watu milioni 846 wa miaka 15 hadi 49 wana herpesi ya sehemu za siri, na wanaoa na kuolewa na kuzaa.

Wiki ya kumi na mbili nilirudi kupima damu, 35,000. HSV-1 IgG chanya kwa namba kubwa, HSV-2 hasi. Imekubaliana na kile kijiti cha pamba. VVU hasi, mimi na mume wangu. Sista alinisomea mstari kwa mstari ingawa sasa nilikuwa najua kusoma mwenyewe.

Kliniki naipa alama za juu kwa maelezo na siri, za chini kwa foleni. Jumanne na Alhamisi watu ni wachache, fika kabla ya saa moja na nusu, beba mto wa kukalia, na ukiwa na kidonda mwambie sista mlangoni usisubiri kukauka. Beba karatasi zako zote za zamani hata kama unazionea aibu.

Maabara nilirudi pia. Nilimuona msimamizi wao, nikamwekea karatasi zangu tatu mezani, nikamwomba mambo mawili: mgonjwa akisema ana kidonda aelekezwe kwa mtu wa kumpangusa kabla ya kulipishwa kifurushi, na majibu yatolewe chumbani mlango umefungwa. Alinisikiliza vizuri, akaandika kwenye daftari. Juma lililopita nilipita pale. Wameweka kiti na pazia pembeni ya dirisha la majibu. IgM bado iko kwenye bango.